Sura ya Tano: Mzani Unampima Nani?

Barabara ya kutoka Kamembe kwenda Bugarama ni ya kuteremka. Juu unaacha upepo wa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chini unapokelewa na joto la bonde, karibu mita 950, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Huku ni mashamba ya mpunga, mifereji ya maji, vumbi la kiwanda cha saruji cha Cimerwa, na mbu wa kutosha. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kamanyola ya Kongo. Safari yenyewe ni fupi, abiria hawahi hata kusinzia, lakini kwa mtoto aliye tumboni hizo ni dunia mbili.

Tuwachukue wanawake wawili wa wilaya hii moja ya Rusizi, wote wana mimba ya miezi saba. Wa kwanza anakaa Kamembe mjini. Ana miaka 27, mtoto wake wa kwanza anakaribia kuanza shule, na nyumbani kuna mshahara. Wa pili analima mpunga Bugarama. Ana miaka 18, ni mfupi, hii ndiyo mimba yake ya kwanza, na mimba ikiwa ya miezi mitatu aliugua homa akadhani ni uchovu wa shamba. Wote wawili ni wa kubuni. Hata hivyo mkunga yeyote wa Gihundwe au Mibilizi, zilizo hospitali za wilaya hii, ukimpa maelezo hayo hatapiga ramli kujua ni yupi wa kumwangalia kwa karibu.

Siku ikifika, mtoto atawekwa kwenye mzani. Akiwa chini ya gramu 2,500 ataandikwa kuwa na uzito pungufu. Mpaka huo ulipendekezwa mwaka 1919 na daktari wa watoto wa Finland, Arvo Ylppö, na baada ya Vita Kuu ya Pili Shirika la Afya Duniani likauchukua. Una kasoro yake. Unawaweka kapu moja mtoto njiti, aliyekuwa akikua vizuri ila akatoka mapema, na mtoto aliyetimiza miezi yake yote huku akibanwa riziki tumboni. Wote wawili wanaweza kuwa na gramu 2,300, na kila mmoja ana shida yake. Sura hii inamhusu zaidi huyo wa pili.

Mzani ukishasomwa, huja swali la mama mkwe: kwani huyu alikuwa anakula nini? Si swali la kupuuzwa. Ila limechelewa kwa miaka ishirini hivi, na tatizo la nyumba nzima, kijiji na serikali limemtwisha mtu mmoja ambaye bado amelala kitandani na damu haijakauka.

Tuanzie mbali kidogo, kwa farasi. Mwaka 1938, huko Cambridge, Arthur Walton na John Hammond waliwapandisha farasi wa Shire, ambao ni majitu ya kuvuta magari ya mizigo, na farasi wadogo wa Shetland. Kwa kutumia mbegu zilizopandikizwa waliweza kufanya hivyo pande zote mbili: baba mkubwa na mama mdogo, kisha baba mdogo na mama mkubwa. Nusu ya urithi ni ya kila mzazi, kwa hiyo ungetarajia watoto walingane. Hawakulingana. Aliyebebwa na mama wa Shire alizaliwa mkubwa kwa mbali, na aliyebebwa na mama wa Shetland alizaliwa mdogo, kiasi ambacho tumbo lile lingeweza kumtoa salama. Baba huja kuonekana baadaye, mtoto akishaanza kukua nje. Wanaume wanaojisifu kwenye wodi ya wazazi kwamba mtoto ametoka na kilo nne kwa sababu ya ukoo wao wangefaa kusimuliwa habari za farasi hao.

Kwa binadamu kanuni ni ileile. Urefu wa mama, uzito wake kabla ya kushika mimba, umri wake na idadi ya mimba zilizotangulia vyote huonekana kwenye ukuaji wa mtoto. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia kwa ultrasaundi wanawake wapatao 1,400 wa nchi kumi, Kongo ya Kinshasa ikiwemo, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalithibitisha hayo. Utafiti mwingine, INTERGROWTH-21st wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliwachukua wanawake wa nchi nane, miongoni mwao wa Nairobi na wa Muscat, ila ulichagua wale tu wenye afya, waliokula vizuri na kupata huduma nzuri. Hapo jambo la kufurahisha likajitokeza: mtoto wa Nairobi na mtoto wa Uingereza walikua tumboni karibu sawasawa. Tofauti iliyotokana na nchi ilikuwa chini ya asilimia 4 ya tofauti zote. Kwa maneno mengine, ufupi wa watoto wetu si wa rangi wala wa kabila. Ni wa maisha.

Na urefu wa mama ni maisha ya nani? Ni yake mwenyewe, ya utotoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta asilimia 51 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kufikia 2014-15 walikuwa asilimia 38, na 2019-20 asilimia 33. Ni maendeleo ya kweli, na nchi ina haki ya kujivunia. Lakini hesabu kidogo. Msichana aliyepimwa mwaka 2005 akiwa na miaka miwili au mitatu leo ndiye anayekaa kwenye benchi la kliniki akiwa na tumbo. Mmoja kati ya kila wawili wa rika lake alidumaa. Nyonga na mji wa mimba alio nao leo vilijengwa kwa ugali na maji ya wakati ule. Hata akila mayai kila siku kwa miezi tisa, harudi kuwa mtoto wa miaka miwili.

Tunaweza kurudi nyuma zaidi. Mayai yote ya uzazi ya mwanamke huumbwa yeye mwenyewe akiwa tumboni. Yai lililomtoa mtoto anayezaliwa leo Bugarama lilianza ndani ya mwili wa bibi yake.

Sasa tuingie ndani. Mtoto hali chakula cha mama moja kwa moja, na damu zao hazichanganyiki. Kati yao kuna kondo la nyuma, kiungo chenye uzito wa nusu kilo hivi mimba ikikomaa, ambamo damu ya mama hupita zaidi ya nusu lita kwa dakika. Ili damu hiyo ifike, mishipa midogo ya mji wa mimba hulazimika kutanuka katika miezi ya mwanzo, iache kuwa vijifereji iwe mito. Ikishindwa kutanuka vizuri, mambo mawili huweza kufuatana: presha ya mama kupanda, hadi kufikia kifafa cha mimba, na mtoto kudhoofu polepole. Mimba ya kwanza huanza kazi hiyo kwenye mwili ambao haujawahi kuifanya, na ni sababu mojawapo ya kifungua mimba kuzaliwa mwepesi kuliko wadogo zake kwa gramu 100 hivi au zaidi. Bibi zetu walilijua hilo bila mzani.

Huko Bugarama kuna jingine linalofuata kondo. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum vikishaingia kwenye chembe nyekundu za damu huzifanya zinate kwenye kuta za mishipa. Mwanamke akishika mimba, vinapata mahali papya pa kunatia. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi Kisumu, Kenya, walionyesha kwamba vimelea vinavyojaa kwenye kondo hushika sukari moja iliyoko hapo, kondroitini salfeti A, ambayo vimelea vya watu wengine havina habari nayo. Kitendawili cha miaka mingi kikateguka. Msichana aliyekulia bondeni, aliyeumwa malaria tangu anyonyeshwe hadi mwili ukaizoea, akishika mimba ya kwanza huwa kama mgeni aliyeshuka jana kutoka milimani. Kinga aliyo nayo ni ya vimelea vingine. Hivi vya kondo hajawahi kukutana navyo, kwa kuwa hakuwa na kondo. Mimba ya pili humkuta amejifunza kidogo, ya tatu zaidi.

Ubaya ni kwamba anaweza asiumwe. Kipimo cha tone la damu ya kidole huweza kutoka safi huku kondo limejaa. Chembe zilizonata, pamoja na askari wa mwili waliokuja kupigana nazo, hunenepesha ukuta ambao chakula na hewa vilipaswa kupita. Mama anaendelea kupalilia mpunga. Mtoto anakula nusu sahani.

Dawa iliyotegemewa sehemu kubwa ya Afrika ni SP, inayotolewa kliniki kwa wajawazito hata wasio na homa. Rwanda iliacha kuitoa mwaka 2008, kwa sababu vimelea vya ukanda huu vilikuwa vimeshaizoea, ikaelekeza nguvu kwenye vyandarua, kupima na kutibu mapema. Kongo iliendelea nayo, Tanzania pia. Kwa hiyo wanawake wawili wanaotazamana kwenye kingo za mto mmoja, Bugarama na Kamanyola, wanafuata miongozo miwili tofauti kwa mbu yuleyule. Nani amepatia? Si rahisi kusema. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, la wanawake karibu 4,700 wa Kenya, Malawi na Tanzania, lililinganisha SP na dawa mpya zaidi, DP. DP ilipunguza malaria vizuri kuliko SP, lakini watoto wa kundi la DP hawakuwa na hali bora walipozaliwa. Mama waliomeza SP ndio walioongezeka uzito zaidi. Inaelekea dawa ile ya zamani, ambayo pia hupambana na bakteria, ina msaada mwingine kwa mama usiohusiana na malaria. Sayansi ina namna yake ya kumnyenyekeza mtu. Kwa msichana wetu wa Bugarama, wakati wataalamu wanabishana, chandarua ndiyo silaha aliyo nayo, na alale ndani yake kila usiku tangu siku anapohisi ana mimba, asingoje tumbo lionekane.

Chakula basi. Mtoto wa wiki 20 ana gramu 300 hivi. Wa wiki 28 ana kilo moja. Zile kilo mbili nyingine zinakuja katika wiki 12 za mwisho, wakati ambapo mama amechoka zaidi. Ushahidi wa njaa ya kipindi hicho ulitoka Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula kisifike mijini. Watoto ambao mama zao walikumbwa na njaa mwishoni mwa mimba walizaliwa wakiwa wamepungua kama gramu 300. Lakini waliokumbwa mwanzoni tu, kisha chakula kikarudi, walizaliwa na uzito wa kawaida, na ukubwani wakaonekana kuugua moyo kuliko wenzao. Yaani mzani unaweza kukuambia mambo ni shwari, kumbe sivyo.

Je, ukimlisha mama, mtoto hunenepa? Hunenepa, na zaidi pale penye njaa. Katika vijiji vya Gambia, wajawazito waliopewa biskuti za karanga zenye nguvu na protini walizaa watoto wazito zaidi kwa gramu 136 kwa wastani, na msimu wa njaa, wakati ghala ni tupu na kazi ya shamba ni nyingi, tofauti ikafika gramu 201. Matokeo hayo ni ya mwaka 1997, na mimi huyakumbuka kila nikisikia kwamba umaskini ni tabia.

Dar es Salaam nayo ina mchango wake. Kati ya 2001 na 2004, Wafaie Fawzi wa Harvard na wenzake wa Muhimbili waliwapa wajawazito 8,468, wasio na virusi vya UKIMWI, ama vidonge vya vitamini mchanganyiko ama vya bandia, wote wakiendelea na chuma na foliki kama kawaida. Uzito pungufu ulishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Wastani wa nyongeza ulikuwa gramu 67, ambazo hazitoshi hata kujaza kiganja, ila kwa taifa zima ni maelfu ya watoto waliovuka ule mstari wa 2,500. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoanza kuacha vidonge vya chuma na foliki peke yake na kuhamia kwenye kidonge kimoja chenye vitamini na madini 15. Uji wa Shisha Kibondo, unaosagwa kwa mahindi na soya na kuongezwa virutubisho, hupewa wajawazito na wanaonyonyesha wa kaya maskini.

Lakini Rusizi haikukosa chakula bora. Ziwani kuna sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akazaana hadi kuwa biashara ya Kivu nzima. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ana protini, chuma na kalisi pamoja. Tatizo ni kwamba sambaza ni fedha. Anayemuuza sokoni Kamembe, au anayemvusha kwenda Bukavu, si ajabu jioni chungu chake kikawa na mihogo na maharage tu. Pia kuna ile imani tunayoisikia Afrika Mashariki nzima, kwamba mjamzito ajinyime asije akazaa mtoto mkubwa akamshinda. Siioni kuwa ni ujinga. Hospitali ilipokuwa mwendo wa siku nzima, mtoto mkubwa kwa mama mfupi kilikuwa kifo cha wawili. Leo asilimia 93 ya Wanyarwanda huzalia kituoni (uchunguzi wa 2019-20), na anayeshindwa hupelekwa kufanyiwa upasuaji. Hofu imebaki, sababu yake imeondoka.

Na mizigo? Simama asubuhi kwenye kituo cha mpaka cha Rusizi ya kwanza, uwaangalie wanawake wanaovuka kwenda Bukavu: nyanya, samaki, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na mara nyingine mwingine tumboni. Tafiti zinaonyesha kwamba kubeba vizito na kusimama saa nyingi huhusiana na watoto wadogo. Uhusiano huo si mkubwa peke yake, lakini unamkuta mwanamke ambaye tayari damu ni pungufu. Nguvu anazotumia kupanda mlima haziwezi kwenda mahali pengine. Wanaomwambia apumzike hawasemi nani atalipa pango siku hiyo.

Hofu nayo hufika tumboni. Upande wa kaskazini wa Ziwa Kivu hilihili, katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, Connie Mulligan na wenzake waliwachunguza mama 25 na vichanga vyao, matokeo yakatoka mwaka 2012. Kadiri mama alivyopitia mateso ya vita, ndivyo mtoto alivyozaliwa mwepesi, na kwenye damu ya kitovu kulikuwa na alama za kikemia juu ya jeni inayoshughulikia homoni za wasiwasi. Miaka miwili baadaye, Nader Perroud wa Geneva pamoja na watafiti wa Rwanda walikuta alama za aina hiyo kwa wanawake waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na kwa watoto wao. Ni vikundi vidogo, na si haki kuvibebesha zaidi ya vinavyoweza kubeba. Ila mtu wa Rusizi, wilaya iliyoyaona ya 1994 na inayosikia milio ya risasi ya Bukavu, hahitaji takwimu kubwa kulielewa jambo hilo.

Mengine niyataje kwa haraka. Pombe, iwe ya ndizi au ya chupa, hupita kwenye kondo. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Sigara humdumaza mtoto, na moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha una ubaya wa namna hiyo. Mimba zinazofuatana upesi humkuta mama hajajaza akiba. Ushauri ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika nyingine. Na mijini sasa kuna tatizo la upande wa pili, kisukari cha mimba, kinachomnenepesha mtoto kupita kiasi. Mtoto wa kilo nne na nusu si lazima awe na afya.

Mengi ya haya yanaweza kuonekana mapema kwa kifaa cha bei ya chini kabisa: utepe wa fundi cherehani. Kuanzia wiki ya 24 hivi, mkunga hupima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, na sentimita hukaribiana na wiki. Wiki 30, sentimita 30 hivi. "Mama, mwezi uliopita ulikuwa 27, leo ni 28," atakwambia, "lala kidogo ubavuni nimsikilize mtoto." Namba moja haina maana kubwa, mfululizo ndio unaosema. Na mfululizo hauji kwa kwenda mara moja. Uchunguzi uleule wa 2019-20 ulionyesha kwamba karibu wajawazito wote wa Rwanda, asilimia 98, walifika kliniki walau mara moja, lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 47 tu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mara nane.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa waume na mama wakwe: lipeni bima ya afya ya Mituweli mapema, toeni nauli, shikeni jembe siku ya kliniki, na siku mzani utakaposomwa msiulize alikula nini kama hamkujua chungu kilikuwa na nini. La pili ni kwako uliye na mimba. Nenda kituoni kabla ya miezi mitatu kwisha, hata kama tumbo halijaonekana, na lala ndani ya chandarua. Ukiona kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au uso na mikono imevimba ghafla, au mtoto amepunguza kucheza tofauti na ulivyomzoea, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda siku hiyohiyo.